Mama Sabuni Amfuata Mtoro

Kliniki ilikuwa imepewa gari jipya la kuwafuata watoro wa dawa, limeandikwa UKIMWI mlangoni kwa herufi za kusomeka toka mtaa wa pili. Mama Sabuni alilitazama mara moja tu, akabeba beseni lake akaondoka kwa miguu. Nani mwenye akili timamu atalikaribisha gari kama lile nyumbani kwake?

Miaka tisa kazi yake ilikuwa hiyo: kupita nyumba kwa nyumba akiuza vipande vya sabuni, na chini ya sabuni kuna makopo ya dawa za watu. Dawa hizo hizo naye alizimeza kila jioni. Kila kopo alilishindilia pamba ili vidonge visilie njiani, maana majirani wana masikio.

Asubuhi hiyo alikuwa anamtafuta mke wa fundi viatu, mwenye mimba ya miezi minane, ambaye wiki tatu nzima hakuwa ametia kidonge mdomoni. Akijifungua katika hali ile, mtoto angeweza kuzaliwa na virusi. Na yule mama hakuwa mzembe. Mara mbili alikuja kliniki dawa zimemwishia nusu mwezi kabla ya tarehe yake, na mara ya pili muuguzi alimshushua mbele ya foleni: "Unamuuzia nani?" Aliapa hajui zilikokwenda. Hakurudi tena. Daftarini kukaandikwa "anauza", na mwandishi alikuwa Mama Sabuni mwenyewe. Tangu siku ile moyo ulikuwa unamsuta, na kwa haraka aliyotoka nayo leo, pamba aliisahau.

Aligundua akiwa tayari mlangoni. Fundi alikuwa amekaa kizingitini, kiatu katikati ya magoti, nyundo mkononi. Kwenye faili la mkewe palikuwa na maneno mawili: mume hajui.

"Hodi wenyewe! Sabuni!"

"Karibu. Leo hatununui."

"Nimuone mwenye jiko, shemeji. Wanaume mnajua nini habari za sabuni?" Alicheka, akacheka peke yake. Alipoinama kutua beseni, kopo likalia.

Nyundo ikasimama hewani.

"Nini hicho?"

"Vifungo vya nguo."

"Ingia ndani," fundi akasema, na alipoingia, akafunga mlango kwa komeo.

Mke alitokea nyuma ya pazia, mkono kiunoni, tumbo limeshuka. Alipoona mumewe anapekua sabuni, uso ulimpauka. Fundi akalitoa kopo.

"Za nani hizi?"

Mama Sabuni aliogopa, mtu asiseme hakuogopa. Alishawahi kuona mke akitupiwa vyombo nje kwa sababu ya kopo kama lile.

"Zangu," akajibu. "Mimi ninaishi na virusi, shemeji. Mwaka wa kumi na mbili huu."

Fundi hakumsikiliza. Alivimwaga vidonge kiganjani, akavihesabu kwa midomo.

"Thelathini," akasema. "Mbona mnaleta za mtu mmoja tu?"

Mkewe akauliza, "Unamaanisha nini, za mtu mmoja?"

Ikabidi fundi aseme. Kopo la mkewe aliliona ndani ya ndoo ya unga, akazitambua dawa, kwani marehemu kaka yake alikuwa akizimeza. Akajua na yeye huenda ana virusi. Lakini kliniki foleni imejaa wateja wake, na kupimwa aliogopa kuliko kufa. Basi kila siku akawa anachukua kimoja.

"Nilidhani zikipungua watakuongezea tu."

"Wataniongezea!" Mke alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Nimeitwa mwizi, wewe upo! Nikalia humu ndani, unanitazama! Na huyu mtoto je?"

Fundi hakujikinga. Machozi yalimtoka waziwazi.

Mama Sabuni alichukua kidonge kimoja kiganjani mwa fundi, akampa yule mama na kikombe cha maji, akasimama pale mpaka alipomeza. Vilivyobaki akavirudisha vyote ndani ya kopo. Fundi akanyoosha mkono.

"Na mimi?"

"Hizi ni za mama na mtoto. Mkigawana za mtu mmoja, hakuna atakayesalimika. Zako utapewa ukishapimwa. Vaa viatu twende."

"Leo?"

"Sasa hivi. Na mama naye twende, akaonwe na daktari."

Fundi alikaa chini, akahangaika na kamba za viatu kama mtu asiyewahi kushika kiatu. Mkewe alijifunga kanga, akafungua komeo na kuuacha mlango wazi, majirani wasikie wakitaka.

"Ukifika umwambie muuguzi sikuuza. Mwambie mbele ya foleni, kama alivyonisema."

Fundi aliinua uso kutoka kwenye kamba, akamtazama mkewe.

"Nitasema mimi," akasema Mama Sabuni. "Niliyeandika ni mimi."