Picha za Madaraja za Kabula Sizifuti

Nimekataa kuamini tangu Jumamosi, na leo nimeamka nimekataa tena. Kabula amefariki. Figo zimemchukua, mtu mwenye mbio zote zile.

Kwa ambao hamkumjua: alikuwa mpiga picha mwenzangu hapa Mpanda. Mchana tulipiga harusi na kipaimara. Jioni ananiachia deadline za wateja, yeye huyoo, anakwenda kupiga picha madaraja yenye taa. Ndiyo, madaraja. Jamani!

Ugonjwa huo wa madaraja aliupatia Dar. Alikwenda kumwona daktari wa figo, akarudi na picha za daraja kubwa la mjini limewashwa taa zinang'aa mpaka majini. Dawa alisahau kwa shangazi yake.

"Mbona la kwetu halipigwi?" akaniuliza. Nikamwambia la kwetu lina taa chache za sola, na moja inapepesa. "Basi hiyo inayopepesa ndiyo ya kwetu," akasema, na stendi ya kamera ameshaibeba.

Taa zilipokuwa hazitoshi aliwabembeleza bodaboda wa kijiweni. Kamera inabaki wazi karibu nusu dakika, wao wanavuka taratibu wamewasha taa. Pikipiki haionekani, inabaki michirizi ya mwanga tu.

"Sasa dada, sisi tunaonekana wapi?" walilalamika.

"Nyie ndio taa zenyewe! Twende, usisimame!"

Kusimama ndiyo ilikuwa dhambi kubwa kwake. Anayepita anayeyuka, anayesimama anabaki kwenye picha.

Na alitaka jua likizama tu, anga likiwa bado bluu. Giza likikolea, alisema, daraja linaonekana limetupwa shimoni. Kuna keki ya harusi ilikatwa sisi tuko darajani. Boss alitusema wiki nzima, Kabula anaitikia "ndiyo boss" huku anahariri picha ya daraja.

Maneno yakaanza. Mwanamke anatafuta nini darajani kila magharibi? Yakasafiri mpaka kijijini kwao Majimoto, yakamfikia baba yake, mzee wa ng'ombe, asiye na simu ya kuona picha. Akaja mwenyewe kumchukua.

Alitukuta kazini, kamera imeshafunguka. Akasimama katikati ya daraja na fimbo yake, bodaboda wanampita pembeni.

"Kabula, kusanya vitu vyako twende nyumbani."

"Shikamoo baba. Ngoja ifunge, nakuja."

 Mzee hakusogea hata hatua. Hasira ilikuwa imemkausha pale pale.

Baadaye waliongea kando, na mzee akarudi Majimoto peke yake. Tangu hapo Kabula akimpigia kupitia simu ya jirani, mzee anakataa kupokea. Hilo lilimuuma Kabula kuliko figo, aliniambia mwenyewe akiwa wodini.

Sasa juzi, baada ya maziko, baba yake mdogo akaniita nyuma ya maturubai. Anajua nywila ya ukurasa wa Kabula ninayo mimi.

"Futa hizo picha za madaraja. Ukoo unachekwa. Acha za harusi."

Damu ilinichemka. Nikamwambia sawa, ila kwanza baba mzazi aone anachofutiwa.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mzee, nikampa simu. Picha ya jioni ile. Bodaboda wote wameyeyuka, ni mistari ya njano na nyekundu kutoka ng'ambo hii mpaka ile. Katikati yupo mtu mmoja tu, amenyooka, fimbo, kofia, mpaka mikunjo ya shuka lake inahesabika.

Aliitazama sana. "Wengine wako wapi?"

"Walikuwa wanapita, baba. Wewe ndiye uliyesimama."

"Na hapa chini ameandika nini?"

Nikamsomea. Ni picha iliyo juu kabisa ya ukurasa wake, na ameandika maneno mawili: Baba alikuja.

Mzee alilia kwa sauti, mbele za watu, bila kujifunika. "Ng'wanawane," alikuwa anasema, mwanangu, mwanangu. Kisha akamgeukia mdogo wake: "Asifute mtu hapa."

Kwa hiyo nyie mnaokuja inbox kuuliza alikuwa anafuata nini darajani, jibu ni hili: alikuwa kazini. Sifuti hata moja. Hata zile zilizotikisika sifuti. Mtakaochoka kuona madaraja, acheni kufuata ukurasa, hakuna aliyewafunga kamba.

Kabula, dada yangu, nimekukasirikia kwa kuondoka na sitajifanya sijakasirika. Nitakulilia na nitagombana na yeyote atakayekugusa.

Lala vizuri, mpiga picha wangu. Baba ameiona.