Mama mkwe ana kaburi kando ya mto, mume wangu hajui

Admin, nifichie jina. Mume wangu ana simu ya kitochi, haina intaneti, ndiyo maana nathubutu kuandika. Nina miaka 23, nina elimu ya kidato cha nne, nimeolewa huku Kyerwa baada ya Pasaka. Jamani, nampenda huyu mwanaume. Akitoka shamba ananifichia ndizi mbivu ndani ya shati, anasema, "Kula upesi mke wangu, mama asije akadai yake." Najiona kama nimeolewa peke yangu duniani.

Sasa chini ya migomba yetu, kando ya mto, patajengwa kituo cha kusukuma maji. Kabla ya kuchimba wamekuja watafiti wa mambo ya kale. Wanatafuta vigae vya vyungu, mabaki ya wafua chuma wa zamani, na makaburi, ili yahamishwe kwa heshima. Mume wangu ndiye anayewatembeza, na jioni ananisimulia vigae mpaka chakula kinapoa.

Wiki iliyopita nilikwenda na mama mkwe kukata nyasi hukohuko. Akasimama penye mawe fulani, akalia. Zamani baba mkwe alikaa Uganda kwenye vibarua zaidi ya mwaka, na huku nyuma mama akapata mimba ya mtu mwingine. Mtoto hakuishi. Alimzika pale yeye na dada yake, ambaye sasa ni marehemu.

"Nimekwambia kwa kuwa wewe ni mwanamke mwenzangu," akasema. "Mzee akijua atanifukuza, na uzee huu."

Nikamwambia tumhamishe wenyewe. Akanijibu, "Na watu wote wale wako pale, mwanangu? Tutasema tunachimba viazi?"

Jioni ile mume wangu akasema, "Nimewahakikishia upande wetu hakuna kaburi. Nimemuuliza baba, nimemuuliza mama." Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso.

Jana dada mmoja kati ya watafiti akaniuliza mimi mwenyewe. "Hata kaburi la kichanga, wifi, tuambie." Nikajibu mimi ni mgeni hapa. Nikisema ndiyo, atauliza la nani.

Kesho wanamaliza, halafu ni zamu ya katapila. Mume wangu ameniomba niwapikie. Mimi na mama mkwe tutapakua, baba mkwe atakula nao.

Ndugu zangu, mnanishauri nini? Nivunje ndoa ya mama huyu, au ninyamaze mwanawe azolewe na udongo?