Kavira Alionja Kwanza

Kichwa changu kimekataa kuamini. Kavira alikufa Jumanne, moyo ulisimama tu akiwa anatandika kitanda, na mimi jana bado nilichungulia simu nione kama ameniandikia.

Mnaonifuata hapa mnanijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Soda ifunguliwe mbele ya macho yangu, la sivyo siinywi. Kwa hiyo mtakaosoma mkitafuta nimeficha nini, msihangaike, leo nasema mwenyewe.

Tulifanya kazi biro moja, ofisi ileile, pale mtaa wa Himbi. Yeye mpishi, mimi msafishaji. Alipika maharage huku akiimba nyimbo za misa, anakosea maneno, anajicheka mwenyewe.

Niliitaka nafasi yake. Nikaenda kwa shefu, mkubwa wetu wa kazi, nikasema Kavira anabeba mafuta ya jikoni kwenda kwake. Ulikuwa uongo mtupu. Alifukuzwa siku hiyohiyo, nami nikavaa aproni yake.

Miezi ikapita. Nikafanyiwa operesheni ya tumbo, nikalala nyumbani kwangu mtaa wa Majengo bila nguvu hata ya kuwasha makaa. Nani anabisha hodi? Kavira, na termosi ya maziwa ya moto, yale tuliyokulia sisi watu wa Masisi.

Nikasema moyoni, huyu amekuja kunimaliza.

Kwetu Goma mwenye kuleta kinywaji anaonja kwanza ndipo akupe, ujue hakina sumu. Wanaoaminiana hawajisumbui sana. Mimi nilimwambia "Onja" hata kabla sijamkaribisha kiti.

Akamimina, akanywa, akapangusa kikombe, akanipa.

"Mama Aline, najua ni weye ulienda kwa shefu," akasema. "Nilishaacha ile maneno. Kunywa, ingali moto."

Jamani! Mtu gani anajua hayo, halafu analeta maziwa? Nikamuuliza anataka nini kwangu.

"Yezu hakungoja nikuwe mutu muzuri ndo anifie," akasema. "Sasa mie ningoje nini kwako?"

Jibu lilikuwa zuri mno. Nikazidi kumshuku.

Alikuja kila asubuhi, wiki tatu, kwa miguu. Kila asubuhi nilisema onja, na si tone, nusu kikombe, huku nikiangalia koo lake kama kweli anameza.

Nilipopona tukawa marafiki, wale wa kuandikiana kila siku. Lakini chochote alicholeta, aliendelea kuonja. Na neno la kuomba msamaha sikulitoa. Nilidhani siku nitakayokiri ndipo kisasi kitaanza.

Juzi kwenye matanga nilikaa pembeni nikiwatazama dada zake wakinong'ona, nikiwa na hakika wananisema mimi. Binti yake, Grâce, akaja na kikombe cha chai ya maziwa. Kabla sijafungua mdomo, akakipeleka kwenye midomo yake.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Ni mama. Alisema Mama Aline anaogopaka, usimupe kitu bila kuonja."

Nikatamani ardhi inimeze. Kumbe kwake nilikuwa mgonjwa wa woga tu, na nyumba nzima ilinihudumia hivyo bila kunicheka.

Kisha Grâce akasema, taratibu, "Lakini sisi maziwa inatukatalaka. Mama akitoka kwako asubui, tumbo ilikuwa inamuuma mpaka mangaribi. Tulimuuliza juu ya nini asipeleke chai ya kawaida. Akasema mutu wa Masisi bila maziwa haponi."

Wiki tatu. Nusu kikombe kila siku, kwa amri yangu. Na mimi nilikuwa nachunga koo lake.

Grâce akainua tena kikombe aonje. Nikamshika mkono. Nikakichukua, nikanywa chote, nikilia mpaka dada zake wakaacha kunong'ona wakaja kunishika.

Sasa wote mliokuwa Himbi, someni vizuri: Kavira hakuiba mafuta. Hakubeba hata kijiko. Nilidanganya mimi. Kesho asubuhi naenda kumwambia shefu kwa mdomo wangu, na najua aproni nitaiacha huko. Naogopa, siwafichi. Naenda tu.

Kavira, nisamehe. Ndiyo mara ya kwanza nalisema neno hili, na wewe ulishanijibu zamani, mlangoni kwangu, na termosi mkononi.

Lala vizuri, dada yangu. Hakuna atakayekuambia onja tena.