Shikamoo Thelathini na Moja

Nichekeni tu, leo nastahili.

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za kituo chetu cha afya. Jana niliunganisha kanzidata ya wagonjwa na programu inayotuma meseji yenyewe, kuwakumbusha watu kliniki.

Nikaandika kwa adabu kabisa: "Shikamoo. Kesho ni kliniki yako ya presha."

Kila meseji ikienda, kanzidata ilitakiwa iandike "imetumwa". Sehemu hiyo ya kuhifadhi nikaisahau. (Na nilikuwa nimeshajisifu kwa wenzangu, msiniulize.)

Basi leo asubuhi programu ikamtumia mtu wa kwanza kwenye orodha. Ikaangalia, ikaona hajatumiwa. Ikamtumia tena. Na tena.

Saa nne akaingia bibi mmoja, katoka Basotu kwa bodaboda, simu mkononi. Simu yake ina shikamoo thelathini na moja. Zote amezijibu: "Marahaba."

"Mtu akikusalimia hivi bila kuacha, ujue ana habari ya msiba," akaniambia. "Sema tu. Nani amekufa?"

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Nikaanza kujieleza haraka haraka: bibi, ni mashine, haikuhifadhi, nimeshaizima, hakuna aliyekufa. Nesi kageukia ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. Akaifunga simu kwenye pindo la khanga yake, akanitazama.

"Mashine yako imenisalimia asubuhi nzima," akasema. "Wewe bado."