Mkono wa Kushoto wa Struan

Mimi hupiga ngoma kubwa, ile inayofungwa kifuani hata mtu asione miguu yake. Nimeipiga miaka thelathini na moja katika bendi ya zumari na ngoma ya Balcraigie, mji wetu wenye makanisa mawili, baa tatu na kiwanda cha karatasi kilichokufa. Bendi ikisimama duara uwanjani, mahali pangu ni katikati, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu, na sina wa kumsingizia.

Struan Pettigrew alikuja kwetu ana miaka minane, makamasi yanamtoka, kashika vijiti vya ngoma kama anayesubiri chakula. Nikamwambia Senga, mama yake, "Huyu mpeleke akacheze mpira." Nilikosea vibaya. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa anawatoa jasho watoto wa mijini kwenye mashindano ya mmoja mmoja. Kumi na sita, akawa bingwa wa vijana wa Uskoti nzima.

Msiniambie kipaji. Senga alifagia madarasa asubuhi na maofisi jioni ili ngoma ya mtoto ipatikane, na hakuwa na mume wa kumsaidia. Struan alipomaliza shule alipata nafasi ya kujifunza useremala, akaikataa kwa sababu mashine za mbao hutetemesha mikono. Akaenda kupanga makopo kwenye rafu za duka. Akirudi nyumbani ni kibao cha mpira cha kufanyia mazoezi tu, ta-ra-ta-ra, saa tano kwa siku, mpaka jirani akahama.

"Kahama kwa ajili ya mumewe," Senga alikuwa akisema, "lakini na sisi tulichangia."

Alipotimiza miaka kumi na tisa, kiongozi wa ngoma wa bendi moja kubwa ya daraja la kwanza alimwambia, "Agosti nitakuja kukusikiliza Glasgow, kwenye Mashindano ya Dunia. Ukinifurahisha, Oktoba unavaa kilti yetu." Kilti ndiyo sketi ya mirabaraba tunayovaa wanabendi, na kwa watu wetu hakuna pa kupanda zaidi ya kuvaa ya bendi ile. Senga alilia hadharani, pale kwenye foleni ya mkate.

Juni vidole vikaanza. Viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilijikunja vyenyewe, vikabana kiganja kana kwamba vimefungwa uzi. Akishika kikombe, vizuri. Akishika uma, vizuri. Akishika kijiti tu, vinakunjika. Nilimkuta nyuma ya ukumbi wa kanisa tunapofanyia mazoezi, anaubamiza mkono ukutani.

"Wewe! Una wazimu?"

"Anko Dod, mkono haunisikii. Nauambia piga, unakataa."

Daktari alisema kosa haliko mkononi, liko kichwani: ubongo umeamrishwa jambo moja mara nyingi mno, sasa umechanganyikiwa. Apumzike mwaka mzima. Wako wanaopona nusu. Wengi hawarudi kabisa.

Shida ni kwamba wapigaji wetu wa ngoma ndogo walikuwa watatu tu: Gregor Haldane, ambaye ndiye kiongozi wao, binti mmoja aitwaye Ailsa, na Struan. Wa nne alihamia bendi nyingine kabla usajili haujafungwa. Na kanuni ya daraja letu haina huruma: ngoma ndogo zikipungua tatu, bendi nzima inabaki kwenye basi.

"Hutapiga," Gregor alimwambia. "Utasimama. Vijiti vielee juu ya ngozi, visiguse. Viwiko viende kama kawaida. Jaji wa ngoma anatuzunguka kwa nyuma, anaona viwiko, hivyo vijiti atavionea wapi?"

"Na yule anayekuja kunisikiliza?"

"Mkono huo ndio unataka ausikie?"

Ailsa akaangua kicheko kisicho na furaha. "Si tumchonge wa mbao tu, tumvalishe kilti? Wa mbao halii."

"We, funga domo lako," Gregor akamkemea.

Struan akanitazama mimi. Mkubwa kwa umri pale nilikuwa mimi, na Gregor nilimfundisha mwenyewe kufunga kamba za ngoma. Neno langu lingesikika. Nikasema, "Dakika tano tu, kijana. Ni dakika tano." Mungu anisamehe.

Asubuhi ya Glasgow alikaa kiti cha pembeni yangu kwenye basi. Alikuwa hajala.

"Leo tukimaliza namwambia Mama," alisema. "Kila siku ananiuliza mbona kibao hakisikiki, namwambia napiga juu ya mto wa kulalia."

"Mwambie kabla."

"Kabla siwezi. Kanunua koti jipya."

Mvua ilinyesha tangu tulipoanza kurekebisha sauti za zumari. Tukaingia, tukafunga duara, na jaji akaanza kuzunguka, viatu vyake vikilia kwenye tope. Nilimtazama Struan tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Viwiko vyake vilikwenda sawasawa na vya Gregor. Palipo na kituo alishusha pumzi, palipo na kishindo alikaza taya, na vijiti vyake vilipita juu ya ngozi kwa unene wa kidole bila kuigusa hata mara moja. Hakuna aliyeujua mpigo ule kuliko yeye. Jaji aliposimama nyuma yake nilidhani yamekwisha, nikakaribia kupoteza hesabu. Akaandika, akapita.

Jioni bendi zote zilipangwa uwanjani kusomewa matokeo. Kwa jumla tulishika nafasi ya sita. Kwa ngoma, tulikuwa wa kwanza. Wapigaji wawili kupatana ni rahisi kuliko watatu, kila mmoja wetu anajua hilo, lakini kwenye karatasi jaji aliandika: "Ngoma tatu zilizosikika kama moja." Gregor alikipokea kikombe bila kumtazama mtu usoni.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulipigiwa makofi.

Yule mtu wa bendi kubwa akaja na mwavuli wake. "Kijana, nilisimama mgongoni kwako. Mkono wa kushoto safi kabisa. Oktoba nakungoja."

"Asante, bwana," Struan akasema.

Kisha Senga akatokea, anasukumana na wapiga zumari, koti jipya limelowa mpaka bitana.

"Mama, nina jambo."

"Ngoja, nianze mimi. Nilifumba macho, mwanangu. Wale wengine sikuwasikia kabisa. Nilikusikia wewe tu, kila pigo. Nikasema, haya, mgongo wangu haukuumia bure." Akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Enhe, jambo gani?"

Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona pia akiufunga.

"Nina njaa, Mama."

"Njaa tu! Bingwa mzima anataka kunililia njaa!" Akaenda zake kupanga foleni ya pai ya nyama, anacheka peke yake.

Oktoba Struan hakwenda. Aliwaandikia kwamba ameacha ngoma, na kwa mama yake pia akasema hivyo hivyo: ameacha, hataki tena. Hakutoa sababu. Akisema sababu, kikombe kinarudishwa na jina la bendi linachafuka, na Senga atajua alichokisikia siku ile. Senga alimwita mvivu, akamwita mtoto asiye na shukrani, mwisho akaacha kumwita chochote. Struan alihamia Aberdeen, anafanya kazi ghalani. Ni mwaka wa pili sasa, na hawazungumzi.

Juzi Senga alinisimamisha mbele ya duka la nyama. Amezeeka.

"Dod, niambie kweli. Yule mtoto alikuwa anajua kupiga, au ni mimi mama yake niliyejidanganya?"

"Alikuwa anajua."

"Sasa mbona aliitupa ngoma?"

Nikamwambia sijui, nikamsaidia kubeba kikapu mpaka mlangoni kwake.