Aliyemtuma Afande Barabara ya Kasoli

Sayi aliuza ng'ombe wa baba yake akanunua pikipiki ya Kichina, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye duka akawa anaingiza anachotaka. Akawa anabeba abiria kati ya Dutwa na Kasoli. Msimu wa pamba alipakia mishikaki, abiria wawili nyuma, mara nyingine watatu na gunia, kichwa wazi, upepo ukimpiga usoni. Leseni hakuwa nayo.

Kisha akaja Athanasi, askari mgeni kutoka kusini, akizunguka na pikipiki ya doria. Alimsimamisha Sayi, akawashusha abiria waliozidi, akamuuliza kofia ngumu iko wapi, akamwacha. Hakuomba chochote. Hilo ndilo lililomkosesha Sayi usingizi, maana askari asiyeomba kitu ana lake jambo.

Tena Athanasi hakuwaandama wengine kama alivyomwandama yeye. Sayi akikata njia ya mashambani, anamkuta amesimama darajani. Akizunguka kwa nyuma ya ghala la pamba, anamkuta huko pia. Siku moja, akiwa anasukuma pikipiki kurudi nyumbani baada ya kunyimwa ruhusa ya kuendelea, wazo likamwingia kama mwiba: njia anazopita humwambia mtu mmoja tu, mkewe Nyanjige, asubuhi wakinywa uji.

Akaanza kumchunguza. Mbona siku hizi anavaa kitenge kipya kwenda kisimani? Mbona jirani alisema alimwona karibu na kituo cha polisi? Hakumuuliza. Alimtegea. Asubuhi moja akamwambia kwamba leo anaelekea Lamadi kuchukua wachuuzi wa dagaa, naye hakuwa na safari hiyo hata kidogo. Akazunguka, akaiacha pikipiki kwenye mtama, akatembea hadi penye kichuguu kinachotazama barabara ya Lamadi.

Athanasi alikuwa pale, kavua kofia, anangoja.

Sayi akateremka.

"Mwangaluka, afande," alimwamkia. "Mke wangu unamjulia wapi?"

Athanasi alimjibu bila kuficha. "Alikuja kituoni akilia. Aliomba nikukamate kila siku mpaka uvae kofia. Mengine kamuulize mwenyewe."

Sayi hakumwamini. Alirudi nyumbani moto ukiwaka kifuani, akamkuta Nyanjige anapukuchua mahindi. Alimuuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo mkewe aliiogopa kuliko kelele. Nyanjige hakuacha kupukuchua.

"Kaka yangu Mwandu nilimwokota barabarani kwa mikono hii," alisema. "Kichwa chake nilikifunga kwa khanga yangu. Nilikusihi, ukacheka. Basi nikaenda kwa yule ambaye huwezi kumcheka."

Sayi alikaa chini. Alikuwa amejiandaa kwa kosa lingine, si hili. Hakujua hasira aielekeze wapi. Siku kadhaa hawakusemezana. Mwishowe akaenda Bariadi kujifunza, akapata leseni, akarudi na kofia mbili. Alipoanza kumkatalia abiria wa pili, madereva wenzake wakanong'ona kwamba amenunuliwa na polisi, wakawa wananyamaza akifika kijiweni.

Ulipotokea msiba Kasoli, Nyanjige, ambaye tangu kifo cha Mwandu hakuwahi kupanda pikipiki, alivaa kofia ile ya pili akakaa nyuma ya mumewe. Walikwenda polepole, mikono yake imembana mbavuni. Njiani wakapishana na Athanasi. Askari akainua mkono kusalimia. Sayi aliitikia kwa kichwa. Hakugeuka, lakini alisikia mkono mmoja wa mkewe ukiachia ubavu wake kidogo, kisha ukarudi.

Mpaka Kasoli alikuwa anajiuliza kama mkono ule ulimpungia afande.