Mshipa wa Mbuzi kutoka Dunda

Baba yangu alikuwa mchinjaji pale Dunda, Bagamoyo. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nimepata kazi ya maabara katika chuo cha udaktari Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya sabini. Daktari niliyemsaidia alikuwa na swali lililomkosesha raha. Ukuta wa mshipa wa damu umejaa seli za misuli, nazo hutulia mahali pake miaka nenda miaka rudi. Mshipa ukijeruhiwa, seli hizo huamka, hutambaa kuelekea ndani na kuongezeka mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Ni kitu gani kinachoziamsha? Yeye alishuku protini inayotoka katika damu pale inapoganda.

Tulikuwa tumejaribu kwa mishipa ya panya, na kila mara ukungu uliota kwenye vipande kabla hatujaona lolote. Nikamwambia, "Daktari, niruhusu niende nyumbani. Baba anachinja mbuzi kila asubuhi, nitapata mshipa mkubwa na mbichi."

Baba nilimkuta ananoa visu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini, mbona ghafla?"

"Nimekuja kuomba mshipa ule mkubwa unaotoka kwenye moyo wa mbuzi."

Akacheka. "Huo huwa tunawatupia paka!"

Lakini nilipotoa sindano nimtoe mbuzi damu kabla hajachinjwa, uso wake ulibadilika. "Damu ni najisi. Utaifanyia nini?"

"Siili, baba. Nataka kujua inauambia nini mshipa."

Akaweka kisu chini, akamshika mbuzi yeye mwenyewe.

Damu niliigawa katika chupa mbili: moja niliiacha igande, nyingine niliitia dawa ya kuizuia isigande. Mshipa niliutia kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, nikavizungushia vyote barafu ya soko la samaki ndani ya ndoo.

Masika yalikuwa yameikata barabara ya Dar. Ikanibidi nizunguke: lori la mizigo hadi Msata, kisha basi. Tulipofika Vigwaza gurudumu likapasuka. Nikakaa kando ya njia nimeikumbatia ndoo, barafu inageuka maji.

"Samaki hao, mwanangu?" abiria mmoja mama mtu mzima akaniuliza.

"Mshipa wa mbuzi, mama."

Akahamia upande wa pili.

Daktari alipoufungua ule mshipa alitikisa kichwa. "Umechelewa. Seli hizi zimekufa."

"Tujaribu tu, Daktari. Nimetoka nao mbali."

Tukaukatakata vipande vidogo, tukavipanga kwenye visahani vya kioo. Vingine tukavipa maji ya damu iliyoganda, vingine maji ya ile isiyoganda, tukavifungia kwenye kabati la joto.

Asubuhi moja niliinamia hadubini. Vipande vilivyopewa damu isiyoganda vilikuwa vimekaa vile vile, kingo zake safi. Nikaweka kisahani cha pili, chenye maji ya damu iliyoganda. Nilipiga kelele! Kila ukingo ulikuwa umetoa seli ndefu, nyembamba, zimetambaa pande zote, nyingine zimekwisha kuacha kipande chake mbali nyuma.

Daktari alikuja mbio. Alichungulia, kisha akasema polepole, "Zimetembea." Akainuka. "Binti, zimetembea!" Mtu ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu alicheza ngoma pale kando ya sinki.

Tulirudia kwa mbuzi wengine, matokeo yakawa yale yale. Tulipoyaweka maji ya damu iliyoganda upande mmoja wa utando wenye vitundu na seli upande wa pili, seli zilipenya kuyafuata. Basi Daktari akasema, mbele ya madaktari wenzake nitasimama mimi na kueleza.

Siku hiyo baba alikuja amevaa kanzu yake ya Idi, akakaa mstari wa mbele. Nilipomaliza, mzee mmoja wa chuo akauliza, "Mishipa mizuri hivi mliipata wapi?"

Kabla sijafungua mdomo baba alikuwa amesimama. "Kwangu mimi, Dunda!"

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Tulirudi Bagamoyo pamoja siku ile, na njia nzima baba aliwaeleza abiria jinsi seli zinavyotambaa, huku mimi nimekaa kando yake nikimsikiliza.